Neno Waliloniomba ku Wamaza

2 Oktoba

Mvua imeanza kweli kweli. Wamaza nzima iko mashambani, wanapanda mupunga, na mimi niko ndani ya nyumba ya kusikiliza naangalia maji yanavyoingia chini ya mulango. Association, shirika ninalotumikia, ilinileta hapa tangu mwezi wa tano. Kazi yangu ni kukaa na watu walioumia roho: wajane, walioponea vita, vijana wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila na usingizi hauji. Napokea mutu, nafunga mulango, nasikiliza. Basi.

Leo ku soko Mama Régina anayeuza mafuta ya mawese akanishambulia mbele ya watu: "Mama Nuru, wewe mushauri wa namna gani? Mutu anakuja na shida, anarudi na shida yake ile ile, hata shauri moja hukumupa!" Watu wakacheka. Nikamujibu: "Mashauri Wamaza iko mingi kuliko mbu, mama. Kinachokosa ni masikio." Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Mimi nilizaliwa Kasongo, mu avenue ya wenye maduka, na kule mutoto wa kike anajifunza kujibu mbele ya kujifunza kutembea.

5 Oktoba

Pacifique amekuja tena. Ni kijana wa miaka makumi mbili na kitu, mutoto wa pili wa Muzee Gédéon, mulimaji wa upande wa kisima. Mwezi wa nane shimo lilianguka kule Salamabila. Yeye akatoka, kaka yake Élysée akabaki chini. Tangu siku ile Pacifique anasema "ndiyo", "hapana" na "asante mama". Leo hata "hapana" hakusema. Alikaa, akaangalia mulango, mvua ilipopungua akaenda.

6 Oktoba

Mvua. Hakuna mutu.

9 Oktoba

Mvua. Mama mumoja alikuja kuomba chumvi. Nilimupa.

12 Oktoba

Ku mafunzo ya kazi walitufundisha kumukalisha mutu mbele yako, kiti kwa kiti, umuangalie ndani ya macho. Aa wapi! Hapa Wamaza ukimuangalia mutu hivyo anadhani unamudai ao unamuroga. Leo nilisukuma viti pembeni, nikaweka karanga ndani ya lungo, ungo ule wa kupepetea, nikakaa chini kwa mukeka na kuanza kumenya. Pacifique alipofika hakuuliza kitu. Akakaa upande ule mwingine wa lungo, akamenya naye. Tulimenya mupaka lungo likaanza kuonyesha chini. Ndipo akasema, macho yake ndani ya karanga: "Mama, kule chini kulikuwa joto."

Sikumuuliza joto gani. Nilisema tu, "Joto." Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya.

Alipoenda nilifunga mulango nikacheza peke yangu, mutu muzima, na maganda ya karanga kwa nguo.

16 Oktoba

Ameongea. Yote.

Siandiki hapa alichosema. Nilimuahidi siku ya kwanza kwamba kinachosemwa ndani ya chumba hiki ni chake, na ahadi haikuacha nafasi ya daftari. Naandika hivi tu: mbele ya kufa, Élysée alisema neno, Pacifique alilisikia, na neno lilikuwa la baba yao. Si neno la uchawi. Si neno la dhahabu. Ni neno la mutoto kwa baba yake, na si tamu.

Nikamuuliza kama anataka nimusaidie kulipeleka nyumbani. Akasimama wima. "Hapana, mama! Litamuua muzee. Afazali wanichukie mimi."

Nimelia kidogo baadaye. Walitufundisha pia namna ya kutolia, lakini siku ile nadhani nilikosa darasa.

18 Oktoba

Muzee Gédéon amekuja mwenyewe, pamoja na ndugu yake mudogo Apollinaire. Muzee ni mutu wa kuheshimika, murefu, sauti ya chini, koti lake la kanisa hata siku ya kazi. Nilimuonea huruma. Nilimupa kiti kizuri.

Akaanza mbali, kama wazee wanavyoanza. Mvua, mupunga, afya ya mama yangu kule Kasongo. Kisha akasema: "Mwanangu Nuru, unajua desturi yetu. Neno la mwisho la marehemu linapaswa kufika kwa baba yake. Lisipofika, matanga hayaondoki. Mama yake Élysée angali analala chini. Mupunga mupya hautaliwa nyumbani kwangu. Mimi nimekuwa muzee wa kilio."

"Pole sana, baba," nikasema.

"Pacifique alikuwa naye. Mara tatu ndugu yangu alimuuliza mbele ya ukoo, akanyamaza. Lakini kwako anaongea. Siri ya mutungi anaijua kata, na kata ni wewe."

Nikamuambia kwa heshima yote kwamba kazi yangu hairuhusu. Apollinaire hapo akapandisha sauti: "Kazi! Mutu asiye na kitu cha kuficha anasema! Kijana huyu alimuuza kaka yake kwa shimo ili litoe dhahabu, kila mutu Salamabila anajua mambo hayo, na wewe unamufunika!"

Sasa ndipo kosa langu likanirudia. Mwezi wa nane, walipoketi matanga bila maiti, nguo za Élysée tu juu ya mukeka, mimi nilikwenda kutoa pole. Wageni walikuwa wameketi inje, mvua kidogo ikaanza, nami bila kufikiri nikaingia ndani na kukaa kwa mukeka wa mashangazi. Nikala sombe, majani ya muhogo, pamoja nao, mukono mumoja katika sahani. Nilidhani ni upole. Kumbe kwa desturi yao aliyekula kwa mukeka wa ndani amekuwa mutu wa nyumba, na mutu wa nyumba hafichi kitu mupaka matanga yaondoke.

"Ulikula matanga yetu," Muzee Gédéon akasema polepole. "Hakuna mutu aliyekulazimisha. Uliingia ukakaa pamoja na dada zangu. Leo unaniambia wewe ni mugeni?"

Nilikosa jibu. Mimi, Nuru, nilikosa jibu. Nilisema tu kwamba sitasema.

20 Oktoba

Muzee amenitumia jogoo mweupe, munono. Nikimukubali nimeahidi. Nikimukataa nimemutukana. Nimemurudisha kwa moto, pikipiki ya kubeba watu, nikamulipa dereva ili ashike jogoo vizuri na mudomo wake pia.

21 Oktoba

Dereva alishika jogoo tu. Soko nzima inajua. Mama Régina amekataa kuniuzia mafuta.

27 Oktoba

Pacifique ameondolewa mu kundi la kupalilia. Hapa watu wanapalilia mupunga kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Leo walipofika kwa shamba lake wakalipita wote, wakicheka, wakaingia kwa jirani. Alinieleza hivyo bila hasira, mikono ndani ya karanga. Hasira nilikuwa nayo mimi kwa wawili.

3 Novemba, Kasongo

Nimekuja kuonana na superviseur wangu, mukubwa wangu wa kazi, Kamaldine. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ni mutu mwema, na ninaandika hilo mbele ya mengine kwa sababu leo nilitaka kumutupia chai.

Alikuwa amekwisha kusikia. Chefu, mutawala wa Wamaza, ameandika, Apollinaire ameandika, na kila mutu anayejua kushika kalamu ameandika. Kamaldine akanikalisha, akafunga mulango kama anavyofungia watu wake wenye shida.

"Nuru, maisha ya kijana iko hatarini. Unakumbuka sheria? Siri inafunguka pale maisha ya mutu iko hatarini."

"Inafunguka kwa yule anayeweza kumulinda. Si kwa wale walioshika fimbo."

"Lakini neno lile linaweza kumusafisha."

"Linaweza. Naye anajua hivyo kuliko wewe na mimi. Na amesema hapana."

Akazungusha kikombe chake. Kisha akasema kitu ambacho sikutegemea kwake: "Basi wape kitu kidogo. Waambie Élysée alimusalimia baba yake. Nani ataumia?"

Nilisimama. "Nimutie marehemu maneno mudomoni? Wewe uliyenifundisha, Kamaldine? Ulisimama mbele yetu hapa hapa Kasongo ukasema mutu anapotuletea moyo wake hatuugeuzi hata kidogo, hata kwa wema!"

"Nilisema. Lakini association inataka kubaki Wamaza. Wakitufukuza, wale wajane wote wataenda kwa nani? Umefikiri juu yao?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu si uongo. Nimefikiri juu yao njia nzima. Lakini nikamuuliza: mujane gani ataniletea siri yake siku ile atakaposikia kwamba ya Pacifique niliitoa kwa wazee? Nyumba itabaki wazi na hakuna mutu atakayeingia. Tutakuwa tunalinda ukuta.

Mwisho akatoa amri: nisipopatana na familia ile mbele ya mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, ananiondoa Wamaza. Nikamuambia aandike hiyo barua mapema, karatasi isije ikaloa mvua.

4 Novemba

Niko kwa Mama. Mama yangu Soraya hajui kusoma vitabu vyetu vya kazi. Nilimuambia bila majina kwamba watu wananiomba siri ya mutu. Hakuacha hata kukuna nazi. "Ni amana," akasema. "Amana inarudi kwa mwenyewe tu. Hata mfalme akija na ngoma, haipati." Kisha akanikaripia kwamba nimekonda na kwamba mwanaume hapendi mifupa. Nilirudi kwa mambo ya kawaida na nikashukuru.

9 Novemba

Nimerudi. Barabara ni matope matupu. Moto ilituangusha kila mulima, na dereva kila mara akasema "pole, mama assistante" kana kwamba matope ni kosa langu. Labda katika Wamaza ya sasa ni kosa langu pia.

14 Novemba

Nimemuambia Pacifique ukweli wote: yale Kamaldine aliyosema, yale Apollinaire anayotembeza ku kila mulango, na kwamba naogopa watamupiga. Nikamuambia niko na mujomba ku Nyangwe, muvuvi, atamupokea, atamupa kazi ya nyavu mupaka maneno yapoe.

"Nikikimbia, mama, nimekubali kwamba nilimuuza yaya, kaka yangu."

"Na ukibaki?"

"Nikibaki, wanaweza kunipiga. Lakini watamupiga mutu asiyekubali."

Ninakiri nilikasirika naye. Nilitaka aende Nyangwe. Nilitaka sana, nikatafuta maneno ya kumusukuma, na nilikuwa nayo tayari kwa ulimi. Nikayameza. Ni maisha yake, si yangu. Hapo ndipo kazi hii inauma: unamufungulia mutu nafasi ya kuchagua, naye anachagua kinyume na wewe.

Nilimuuliza tu: "Na neno, utalibeba mupaka lini?"

Akavuta lungo karibu. Tulimenya.

15 Novemba

Mvua.

17 Novemba

Mvua. Siku nzima sikusikia mulango ukigongwa. Wajane wawili waliokuwa wakija kila juma hawaji tena. Mumoja alinipita ku njia, akaangalia majani.

19 Novemba

Leo ni lazima niandike.

Asubuhi, kulikuwa na jua kidogo baada ya siku nyingi. Nilisikia kelele kutoka kisimani. Nikakimbia bila viatu. Vijana, wale wa kundi la kupalilia, walikuwa wamemuzunguka Pacifique. Ndoo yake imevunjika. Walikuwa wanamupiga na miti ya mihogo, na kila fimbo wanauliza: "Alisema nini? Alisema nini? Ulimuuza kiasi gani?" Naye amejikunja, mikono juu ya kichwa, mudomo umefungwa. Hakusema hata "mama yangu".

Na juu kidogo, kwa njia, alikuwa amesimama Muzee Gédéon. Koti lake la kanisa. Mikono nyuma. Anaangalia.

Sijui niliingiaje katikati. Najua nililala juu yake, na fimbo moja ilinipata begani, na aliyenipiga akaogopa kuliko mimi. Nikasimama. Nikapiga kelele ambazo Mama akizisikia atanikana. Niliwaambia: "Munataka neno? Neno iko hapa!" nikapiga kifua changu. "Iko ndani ya huyu na ndani ya mimi! Leteni fimbo, basi, tupasueni muangalie! Hata mukinichoma moto na nyumba ile, hata mukinifukuza nitembee kwa miguu mupaka Kasongo, neno hilo halitoki kwa mudomo wangu, wallahi! Na aliye mwanaume kati yenu aje sasa!"

Hakuna aliyekuja. Mumoja akatupa fimbo yake, wengine wakafuata, wakijifanya wamechoka.

Nikamugeukia muzee. Heshima yote iliniacha. "Na wewe! Umebakiza mutoto mumoja na umesimama unaangalia anavyouawa! Ulimuzaa ili akutolee ushahidi ao ili awe mutoto wako?"

Watu wakashika midomo. Mutu hamusemeshi muzee hivyo, na mwanamuke tena, na mugeni. Muzee akaangalia Pacifique aliyekaa chini anatema damu, akaangalia miguu yangu iliyojaa matope, akageuka akaenda. Alitembea kama mutu ambaye barabara imekuwa ndefu.

Nimemuosha Pacifique. Mbavu zinauma lakini hazijavunjika, muuguzi anasema. Amelala sasa kwa mukeka wangu wa karanga. Nimekaa mulangoni na mutwangio wa kinu kwa mapaja, aje anayetaka.

20 Novemba

Nachukia muzee yule. Nimejaribu kuandika kitu kingine na kalamu haitaki.

23 Novemba

Amekuja.

Mvua ilikuwa inamwagika, hakuna mutu ku njia. Aligonga. Nilishika mutwangio. Alikuwa peke yake, bila Apollinaire, bila koti, shati imemushika mbavu. Akasimama chini ya paa na hakuingia.

"Sikuja kukuomba neno," akasema.

Nikashusha mutwangio.

"Nataka kujua kitu kimoja tu. Aliteseka? Élysée. Aliteseka sana?"

Ee Mungu wangu. Kwa miezi yote hakuna swali lililonikaribia kunivunja kama lile. Jibu lilikuwa kwangu. Lilikuwa fupi. Ningelimupa kama maji kwa mwenye kiu na hakuna mutu angelijua. Nilifungua mudomo kabisa.

Nikaufunga. Nikamuambia: "Baba, ingia, usiloe." Akaingia. Nikasukuma lungo la karanga mbele yake, naye akaliangalia kama mutu asiyejua ni kitu gani, kisha mikono yake ikaanza yenyewe. Mikono ya mulimaji haiwezi kuona karanga na kukaa bule.

Tukamenya. Baadaye nikamuuliza: "Baba, ulimuuliza Pacifique?"

"Ukoo ulimuuliza. Mara tatu."

"Ukoo. Wewe je?"

"Baba hamuulizi. Ni baba mudogo anayeuliza, mbele ya watu, na baba anasikia. Ndiyo desturi."

"Sawa. Ulimutuma ndugu yako, ulinitumia mimi jogoo. Ninakuuliza wewe mwenyewe: tangu mwezi wa nane, umeongea na mutoto wako?"

Ganda likavunjika, lingine likavunjika. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa tofauti: "Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mimi ndiye niliyewapeleka Salamabila. Wao walitaka kubaki shambani. Élysée alikataa, nikamuita muvivu mbele ya muke wake." Akafuta uso, na haikuwa mvua. "Naogopa alichokisema."

Sikumuambia usiogope. Ningelikuwa mwongo. Sikumuambia kitu kingine pia, kwa sababu mutu aliyefika pale hahitaji kusukumwa. Nilikaa naye. Yule muzee niliyemuchukia siku tatu alikuwa baba anayelia mbele ya karanga zangu, na hasira yangu haikupata tena pa kukaa.

Alipoondoka alisema tu: "Mutoto iko wapi?"

"Iko kwa shamba lake. Anapalilia peke yake."

24 Novemba

Watu wamemuona Muzee Gédéon asubuhi, mvua yote ile, anapalilia shamba la Pacifique. Yeye mwisho huu, Pacifique mwisho ule. Hawakusemeshana. Mama Régina aliniletea habari hiyo mwenyewe, pamoja na chupa ya mafuta, na akadai bei ya zamani.

30 Novemba

Wangali wanapalilia. Wako katikati ya shamba sasa, karibu karibu.

4 Desemba

Kamaldine ameandika kuuliza kama nimepatana na familia. Nikamujibu: "Mimi sina ugomvi nao." Angojee.

7 Desemba

Pacifique amekuja. Uso umepona. Alimenya kidogo, akaacha. "Mama, nitasema. Lakini si mbele ya ukoo. Kwake tu. Na wewe ukae mulangoni, mutu asiingie."

"Unataka niseme kitu?"

"Hapana. Ukae tu."

Nimefurahi na nimeogopa. Neno halikuwa tamu mwezi wa kumi na leo si tamu.

12 Desemba

Wameita ukoo wote kwa Muzee Gédéon. Apollinaire ndiye aliyeita, na alisema wazi: leo neno litoke ao kijana atoke Wamaza. Uwanja ulijaa. Mashangazi kwa mukeka wao, wanaume kwa mabenchi, vijana wale wa kisimani nyuma kabisa. Mawingu yalikuwa yamekaa tu, bila kunyesha.

Apollinaire akasimama kwa desturi: "Pacifique, mwana wa kaka yangu, nakuuliza mbele ya watu..."

Muzee Gédéon akainua mukono. "Kaa, mudogo wangu. Leo nitauliza mimi."

Kelele! Jambo hilo halijaonekana hata siku moja. Shangazi mumoja akasema "Yo!" na akabaki mudomo wazi. Muzee hakuwasikiliza. Akamushika Pacifique mukono, wakaingia ndani ya nyumba, na Pacifique akaniangalia. Nikaenda kukaa kwa kizingiti, mugongo kwa mulango. Apollinaire alipokuja nikanyoosha miguu yangu njia nzima. "Pita juu yangu basi, baba mudogo," nikamuambia, "na Wamaza yote ikuone." Akarudi kwa benchi.

Nilisikia yote. Pacifique alianza, akakwama, akaanza tena. Akalisema lile neno kama alivyolisema kwangu, lile lile, hakulipunguza, hakulitia sukari. Akaongeza namna kaka yake alivyoondoka, kama aliteseka ao hapana. Nilingoja mutu aanguke. Nilikuwa tayari kuingia.

Sikusikia mutu kuanguka. Nilisikia muzee analia, kilio kile cha wanaume ambacho hakina maneno, na baadaye sauti yake: "Alikuwa na haki." Kisha: "Na wewe ulibeba hili peke yako, miezi yote hii, ukapigwa, ili mimi nisilisikie?" Jibu la Pacifique sikulisikia.

Wakatoka. Macho ya muzee yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima.

"Neno limefika," akasema. "Matanga yaondoke leo."

"Asifiwe Mungu!" Apollinaire akapiga mikono. "Kaka, utuambie basi. Alisema nini?"

"Neno limefika kwa mwenyewe."

"Lakini ukoo..."

"Ukoo hauna neno. Niko nalo mimi."

Vijana nyuma wakaanza kunung'unika. Apollinaire hakukubali. Alinigeukia mimi, kidole mbele: "Mama huyu anajua! Alikuwa mulangoni, alisikia. Alikula matanga yetu. Aseme!"

Nikasimama nijibu, na nilikuwa na jibu zuri, nilikuwa nalo tangu mwezi wa kumi. Sikupata nafasi. Muzee Gédéon alikwisha kuja kati yetu.

"Usimuulize mwanamuke huyu kitu," akasema. Hakupandisha sauti. "Leo, kesho, mwaka ujao. Anayemuuliza ameniuliza mimi, na mimi sitajibu. Na anayesema mutoto wangu alimuuza kaka yake, aje alisemee hapa, mbele ya uso wangu."

Akangoja kweli. Aliwaangalia mumoja mumoja mupaka vijana wale wa nyuma. Hakuna aliyekwenda mbele.

Kwao matanga yanaondoka kwa kunyoa baba wa marehemu. Anayenyoa anachaguliwa na ukoo, mutu ambaye hakuna anayemushuku, maana ni kumupa wembe na shingo ya muzee pamoja. Walikuwa wamemuchagua Apollinaire, na wembe ulikuwa tayari kwake, na bakuli la maji ya vuguvugu. Muzee akanyoosha mukono. Apollinaire akasita, akautoa.

Muzee akautia ndani ya mukono wa Pacifique. Akakaa chini kwa kigoda mbele ya ukoo wote, akavua shati, akainamisha kichwa.

Pacifique alichovya wembe, akausimamisha juu ya kichwa cha baba yake.

"Nyoa, mwanangu," muzee akasema. "Maji inapoa."